Kati ya rubani na dereva wa lori, nani ana kazi ngumu?

Swali hili kwa kawaida huanza kama utani. Watu wamekaa kijiweni wakisubiri gari, ndege inapita juu ikiacha mstari mweupe angani, na mmoja anasema: "Yule kule juu hana kazi. Hakuna mashimo, hakuna trafiki, hakuna bodaboda wa kumkatiza." Mwenzake anamjibu: "Thubutu! Lori lako likizima unaegesha pembeni. Yeye ataegesha wapi?"

Wote wawili wana hoja. Sisi wa Mbozi swali hili linatugusa kuliko tunavyodhani. Barabara kuu ya Tunduma hadi Mbeya inapita wilayani kwetu, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Ukitoka Mbozi Mission ukashika barabara hiyo kuelekea Mbeya, utapita Mlowo, utashuka mteremko wa Senjele hadi bonde la Songwe, kisha utaukuta Uwanja wa Ndege wa Songwe kabla hujafika Mbalizi. Kwa safari moja unapita kazi ya dereva na kazi ya rubani. Tuziangalie moja moja, halafu tuone nini kinaweza kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Mikono na miguu inafanya kazi gani

Gari linakwenda juu ya ardhi. Dereva anaamua mambo mawili makubwa: aelekee kushoto au kulia, na aende kwa kasi gani. Ardhi yenyewe ndiyo inayombeba. Akiachia mafuta, gari linapunguza mwendo na mwishowe linasimama.

Ndege inabebwa na hewa, na hewa haiibebi mpaka ndege iwe kwenye mwendo. Kwa hiyo rubani ana mambo matatu ya kuongoza kwa wakati mmoja: pua ipande au ishuke, mabawa yalale upande mmoja au yakae sawa, na pua igeuke kushoto au kulia. Mikono inashika usukani, miguu inakanyaga pedali za bawa la mkia, na macho yanapita kwenye mishale ya mwendo, urefu na mwelekeo. Ndege nyingi ndogo, zikiwa bado ardhini, hukata kona kwa miguu. Dereva mzoefu akikaa humo mara ya kwanza atazungusha usukani na ndege itaendelea kwenda moja kwa moja.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Injini ikizima angani, ndege haidondoki hapo hapo kama jiwe. Inaendelea kuteleza huku ikishuka taratibu, kama baiskeli kwenye mteremko bila kupiga pedali. Ndege kubwa ya abiria iliyo kilomita 10 juu inaweza kuteleza zaidi ya kilomita 100 kabla ya kugusa ardhi. Hatari kubwa ni kupoteza mwendo. Pua ikiinuliwa mno, hewa haipiti vizuri juu ya mabawa, na mabawa yanaacha kubeba.

Hapo ndipo rubani anapofanya jambo ambalo mwili wa binadamu unalikataa. Ndege inashuka, ardhi inakuja, kila kitu ndani yako kinasema vuta usukani upande juu. Yeye anatakiwa kuusukuma mbele, pua iteremke, mwendo urudi, ndipo anyanyue. Ndani ya mawingu ni hivyo hivyo: sikio linaweza kumwambia amekaa sawa kumbe ndege imelala upande. Anafundishwa kuamini mishale iliyo mbele yake kuliko mwili wake. Ustadi huo haumjii mtu wenyewe. Unapatikana kwa kurudia mazoezi mara nyingi.

Nafasi ya kukosea

Sasa tumgeukie dereva, maana naye anaonewa katika mjadala huu.

Sheria ya Usalama Barabarani inataka magari ya abiria na malori yanayozidi kilo 3,500 yasivuke kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo ni mita 22 kwa sekunde. Malori mawili yanayokutana, kila moja likiwa kwenye 80, yanakaribiana kwa mita 44 kila sekunde, na yanapishana yakiachana upana wa mlango wa nyumba. Dereva wa Tunduma anapishana hivyo mamia ya mara kwa siku. Katikati ya hayo kuna mtoto anayevuka, ng'ombe, bajaji isiyo na taa, shimo lililochimbwa na mvua ya jana, na basi linaloovateki kwenye kona.

Angani, ndege mbili zinazopishana kwenye njia moja hutengwa kwa urefu usiopungua mita 300 hivi, na mwongozaji wa ndege aliye ardhini anaziangalia. Rubani akikosea kidogo akiwa katikati ya safari, mara nyingi ana dakika nzima ya kurekebisha. Dereva akikosea kidogo ana sekunde moja, pengine hata hiyo hana.

Uzito nao unashangaza. Ndege ya Bombardier Q400 ya ATCL, inayobeba abiria 76, ikiwa imejaa kabisa inakaribia tani 30. Lori lenye trela nchini kwetu linaruhusiwa kufikia tani 56. Maana yake kijana anayeshuka Senjele na mzigo kamili ameshika uzito wa karibu ndege mbili za namna hiyo, mara nyingi peke yake, na pengine hajalala vizuri kwa sababu ya foleni ya mpakani.

Kwa hiyo yule wa kijiweni aliyesema rubani hana mashimo wala bodaboda hakukosea. Kwa kazi ya dakika kwa dakika, barabara inamchosha dereva kuliko anga tulivu linavyomchosha rubani.

Mahali rubani anapotoa jasho

Anga haliwi tulivu wakati wote, na kila safari ina mwanzo na mwisho. Sehemu ngumu ni kupaa na kutua. Ndege ya abiria inagusa ardhi ikiwa na mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Inatakiwa iguse katika kipande fulani cha njia, ikiwa imenyooka, hata kama upepo unaisukuma kutoka ubavuni.

Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, unatufundisha mengi. Uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hivyo hewa ni nyepesi, hivyo ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla mabawa hayajaweza kuibeba. Ndiyo sababu mojawapo ya njia yake kuwa ndefu, zaidi ya kilomita 3. Pembeni kuna milima, na kuna majira ambayo ukungu na mawingu vinalifunika bonde.

Wengi husema siku hizi ndege inajiendesha yenyewe. Ni kweli ipo mitambo inayoweza kushika urefu na mwelekeo kwa saa nyingi. Lakini mitambo hiyo inafanya ilichoambiwa. Rubani ndiye anayeiambia, anaikagua, na anaizima inapokosea. Kutua peke yake kunahitaji vifaa maalumu ndani ya ndege na uwanjani pia. Kwenye viwanja vidogo vya udongo, rubani hupita kwanza juu kuangalia kama kuna ng'ombe au watoto njiani, kisha anazunguka na kutua kwa mikono na macho yake.

Na rubani naye hukosea au huzidiwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walifariki 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Wavuvi walikuwa kati ya watu wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Msiba ule ulitukumbusha kwamba sare na mabega yenye mistari havimzuii mtu kuzidiwa na dakika za mwisho za safari.

Leseni mbili, njia mbili

Tofauti kubwa kati ya watu hawa wawili inaonekana zaidi kwenye mafunzo.

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, mtu anayetaka leseni ya kurusha ndege kwa shughuli zake binafsi anahitaji kwa kawaida saa 40 za kuruka. Wa biashara anahitaji saa 200, au 150 akiwa amesoma kozi maalumu iliyoidhinishwa. Anayetaka leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, anahitaji saa 1,500. Hapa kwetu leseni hizo ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Akishaipata, rubani wa abiria hupimwa afya kila mwaka, na akifika umri fulani ni kila miezi 6. Leseni ya kurusha aina moja ya ndege kubwa haimruhusu kurukia nyingine. Lazima asome upya na apimwe upya.

Zaidi ya hapo, rubani wa shirika la ndege hurudi mara mbili kwa mwaka kwenye chumba kinachoiga ndege. Humo anawashiwa moto wa injini wa kuigiza, anafungiwa ukungu, anaharibiwa vifaa, na anatazamwa atafanya nini. Akishindwa, harushi abiria mpaka afaulu.

Dereva wa kwetu anajifunza shuleni, anapimwa na polisi wa usalama barabarani, anachukua leseni TRA kulingana na daraja lake, na leseni hiyo inadumu miaka 5. Wa magari ya abiria wana mafunzo ya ziada, kwa mfano katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, na LATRA nayo inawathibitisha. Hizo ni hatua nzuri. Lakini jiulize: dereva wa lori unayemfahamu, mara ya mwisho kufanya mazoezi ya breki kufeli ilikuwa lini? Wengi mazoezi hayo huyafanya mara moja tu, siku breki zinapofeli kweli.

Karatasi iliyozaliwa na ajali

Tarehe 30 Oktoba 1935, kule Ohio nchini Marekani, kampuni ya Boeing ilikuwa inaonyesha ndege mpya ya kijeshi. Ilipaa, ikainuka mno, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wawili walipoteza maisha. Aliyekuwa anairusha alikuwa rubani mzoefu sana. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuna aliyekumbuka kufungua kufuli linaloshikilia mabawa madogo ya mkia ndege inapokuwa imeegeshwa.

Wenzake wangeweza kusema ndege hiyo ni ngumu mno kwa binadamu. Badala yake waliandika karatasi: orodha fupi ya vitu vya kuangalia kabla ya kuwasha, kabla ya kupaa, kabla ya kutua. Tangu hapo karatasi hiyo imesambaa duniani kote. Kapteni mwenye miaka 30 kazini bado anaisoma kwa sauti, na rubani msaidizi anajibu. Haoni aibu, kwa sababu kila rubani anajua kwamba kichwa cha mzoefu nacho husahau.

Kuna kanuni nyingine mbili. Ndege ikiwa chini ya mita 3,000 hivi, marubani wa mashirika mengi hawaruhusiwi kuzungumza lolote lisilohusu kazi, iwe ni mpira au habari za nyumbani. Na rubani msaidizi anafundishwa kumwambia kapteni waziwazi akiona jambo haliko sawa, hata kama kapteni ana umri wa baba yake.

Kusema hapana

Ukimuuliza rubani mzoefu ustadi wake mkubwa ni upi, huenda asikutajie kutua kwenye upepo. Atakutajia kughairi.

Ndege inakaribia uwanja, mita chache zimebaki, rubani haioni njia ya kutulia sawasawa. Anaongeza nguvu, anapanda tena, anazunguka. Akishindwa tena anakwenda uwanja mwingine. Hawezi kusema mafuta yataisha, kwa sababu sheria inamtaka abebe mafuta ya kufika anakokwenda, ya kwenda uwanja wa akiba, na mengine ya dakika 30 au zaidi juu yake. Abiria wa Songwe wanajua uchungu wa kufika juu ya Mbeya na kurudishwa Dar es Salaam kwa sababu ya hali ya hewa. Inakera, na hela ya kulala inakwenda. Lakini siku hiyo rubani amefanya kazi yake vizuri.

Dereva akighairi nani anampongeza? Akikataa kuondoka na tairi lililokwisha, tajiri anamwambia wapo wengine wanaotaka kazi. Akipunguza mwendo kwenye ukungu, abiria wanapiga kelele kwamba basi lile limetupita. Hapa ndipo mjadala wa kijiweni unapokosea. Tunalinganisha mikono ya rubani na mikono ya dereva, wakati tofauti kubwa iko nyuma yao. Nyuma ya rubani kuna fundi anayesaini kabla ndege haijaondoka, mwongozaji, rubani wa pili, saa za kupumzika zilizoandikwa, na shirika linalojua kwamba kughairi ni haki yake. Dereva mara nyingi yuko peke yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Ndege za abiria kwa kawaida huua mamia kwa mwaka mzima. Tukisema madereva wote ni wazembe hatutakuwa tumeieleza tofauti hiyo. Inaelezwa zaidi na mpangilio unaomzunguka anayeendesha.

Tunachoweza kukichukua kesho asubuhi

Mpangilio mkubwa unahitaji serikali na fedha. Lakini yapo ya rubani ambayo hayahitaji ndege wala mtaji.

Kwa dereva wa lori au basi: andika orodha yako fupi uibandike kwenye dashibodi. Matairi, breki, upepo wa breki, taa, waipa, oili, maji. Isome kila asubuhi, na utingo ajibu. Ukifika juu ya Senjele au mteremko wowote mrefu, ingia gia nzito kabla hujaanza kushuka. Breki zikishikwa mfululizo zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki tena hata ukikanyaga mpaka chini. Injini kwenye gia ndogo inakushikilia bila kuchoka. Usishuke gari likiwa halina gia ili kuokoa mafuta. Hapo umebaki na breki peke yake, na breki hizo zina kikomo.

Ukianza kuovateki ukaona nafasi haitoshi, rudi nyuma ya lori. Kufanya hivyo ndiko kughairi kutua, na hakuna aibu ndani yake. Kwenye mteremko, kona na makutano, simu na stori zisubiri. Safari ikizidi saa 8, basi linatakiwa liwe na madereva wawili. Usikubali kuwa wewe peke yako ndio wawili.

Kwa bodaboda: cheni, breki, taa, mafuta, kofia ngumu mbili. Orodha hiyo haichukui hata dakika moja.

Kwa tajiri mwenye gari: siku dereva wako atakapokuambia gari haliko sawa, mshukuru, hata kama mzigo unasubiriwa. Ukimfukuza, anayekuja baada yake atajifunza kunyamaza.

Kwa abiria: wewe ni kama rubani msaidizi. Sema mapema na kwa heshima: "Kaka dereva, tunaomba upunguze mwendo, tuna watoto humu." Mmoja akisema, wengine muungeni mkono. Asiposikia, piga 112, au namba ya LATRA iliyobandikwa ndani ya basi. Na dereva akiamua kusubiri ukungu upungue, usimzomee.

Kwa kijana anayetazama juu ndege inapopita: njia ipo, japo ni ndefu na ya gharama. Hisabati, fizikia na Kiingereza ndiyo mlango wake. Pale NIT, chuo kile kile kinachowanoa madereva wa mabasi kinafundisha pia mafundi wa ndege na wahudumu wa ndani ya ndege, kwa hiyo anga si la marubani peke yao.

Tukirudi kijiweni, jibu letu ni hili. Kazi ya rubani ni ngumu zaidi kujifunza. Kazi ya dereva, kwenye barabara kama yetu, ni ngumu zaidi kuifanya salama kila siku, kwa sababu anaifanya na msaada mdogo. Rubani anarudi nyumbani kwa kuwa ana ustadi na pia kwa kuwa ana watu wengi nyuma yake. Dereva wetu wa Senjele anastahili kuwa nao pia, na baadhi ya watu hao ni sisi tuliokaa kwenye viti vya nyuma.